Gesi Hutambaa Chini

Kama gazeti la Jumamosi iliyopita lilikupita, au lilifungiwa nyama kabla hujalisoma, hapa ndipo tulipofika.

Perez Ayoo, fundi wa mafuta ya nywele wa mtaa wa Langas mjini Eldoret, alikuwa ameshapoteza kibanda chake cha saluni kwa tingatinga la barabara, na mume kwa mwanamke wa Kitale. Hakulia sana kwa lolote kati ya hayo mawili. Alinunua majani ya rosemari kutoka Kaptagat, akaanza kukamua mafuta nyumbani.

Kisha akaja George Ouma, ambaye watu humwita Injinia. Ouma akamuuzia bomba la chuma linalokamua majani kwa gesi ya mikebe, ile ya kujazia viberiti. Gesi inasukumwa kwa presha ndani ya majani, inatoka na mafuta. "Achana na kuchemsha majani siku nzima," Ouma alimwambia. "Hii ni dakika tu, na mafuta yanatoka safi kama ya Ulaya."

Jikoni kukalipuka. Perez akaungua mikono yote miwili. Mwenye ploti, Mama Wacera, aliyekuwa ameketi barazani akichemsha mahindi na maharagwe ya githeri yake, akaungua miguu hadi magotini. Na tulipomwacha Perez wadini, sajenti wa polisi alikuwa amesimama mbele ya kitanda chake, pingu mkononi.

"Wewe ndio Perez Ayoo?"

"Ndio mimi."

"Lete mikono."

Perez akainua mikono. Ilikuwa imefungwa bandeji kuanzia kwenye kucha hadi viwikoni, minene kama mito ya kitoto.

"Chukua, afande. Tafuta mahali pa kufunga."

Wagonjwa wakacheka. Sajenti Wanyonyi hakucheka. Aliinama, akafunua blanketi, akafunga pingu upande mmoja kwenye kifundo cha mguu wa Perez na upande wa pili kwenye chuma cha kitanda.

"Haya, chekeni tena," akawaambia wale wengine.

"Nimefanya nini?" Perez akauliza.

"Si wewe ndio utaniambia? Majirani wanasema ulikuwa unapika bangi."

"Bangi gani? Hiyo ni rosemari. Ile watu wanapanda kama ua. Enda ukanuse."

"Nimenusa. Hiyo nyumba inanuka moto tu. Lakini nimepata mikebe ya gesi gunia mzima. Mama, hakuna mtu anapikia ugali gesi ya kiberiti."

"Sikuwa napika ugali. Nilikuwa natoa mafuta."

"Mafuta ya bangi."

"Mafuta ya nywele, afande! Sikulaumu. Wewe una kipara, huwezi jua."

Wadi nzima ikacheka tena, hata muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu ya jirani. Wanyonyi akavaa kofia yake taratibu, akakifunika kile kipara.

"Nitarudi kuchukua taarifa yako," alisema. "Fikiria vizuri utasema nini."

Aliyenisimulia haya ni Perez mwenyewe, na alisisitiza nisiyapambe. Pingu haikumuuma. Kilichomuuma ni lile neno bangi. Miaka yote aliyoishi Langas, watu walimjua kwa mafuta yake. Sasa kwa moshi wa siku moja walikuwa wameamua kwamba hawakumjua kamwe.

* * *

Ouma alikuja saa za kuona wagonjwa. Alibeba juisi na machungwa, na uso wa mtu aliyefiwa.

"Nyaminwa," alisema. Kwao wote wawili ni upande wa ziwa, na Ouma alijua kutumia udugu kama mwizi anavyotumia ufunguo bandia. "Dada yangu, pole. Pole sana. Mimi hata sijalala."

"Kutolala kumekunenepesha."

Ouma akaketi, akasogeza kiti. Akaanza kumenya chungwa.

"Sikia. Hii kitu inaisha kama wewe ukitaka. Wewe sema tu ni mtungi wa kupikia ulivuja. Kila siku mtungi unavuja mahali. Polisi hawafungi mtu juu ya mtungi wa jikoni, hiyo ni ajali. Wanakuachilia unaenda nyumbani."

"Nyumbani wapi? Jikoni kwangu hakuna ukuta."

"Nitakujengea ukuta. Nimekuahidi."

"Na bomba lako?"

"Bomba gani?" Ouma akatabasamu kidogo, kama mtu anayemfundisha mtoto mchezo.

"Mtungi wangu wa kupikia ni mzima, Ouma. Ulikuwa nje na haukuguswa."

"Mtungi unaweza kuwa mzima na paipu ivuje. Nani atapima?"

Perez akamtazama akimenya. Vidole vyake vilikuwa salama, vyote kumi, visafi, vinafanya kazi.

"Nikuulize kitu," akasema. "Uliniambia nizime moto wote. Nilizima. Hata friji nilichomoa. Uliniambia nifungue dirisha. Nilifungua. Mlango nilifunga ndio watoto wa ploti wasiingie. Kwangu hakukuwa na moto hata wa njiti. Sasa ule moto ulitoka wapi?"

Ouma aliacha kumenya.

"Ouma. Ulitoka wapi?"

"Hiyo gesi ni nzito," akasema, sauti imeshuka. "Ni nzito kuliko hewa. Haipandi iende kwa dirisha. Inashuka chini, inatambaa kwa sakafu kama maji. Ilipita chini ya mlango."

"Ikaenda wapi?"

"Ikaenda mpaka ikapata moto."

Barazani. Githeri ya Mama Wacera. Perez alifumba macho, akamwona yule mama na mwiko wake, ameketi kwenye kigoda, leso imefunika magoti, na kitu kisichoonekana kikimjia miguuni.

"Na mbona sikusikia harufu?"

"Gesi ya kupikia wanaitia harufu makusudi, ndio mtu ashtuke ikivuja. Hii ya viberiti imesafishwa sana. Haina."

"Haya yote ulijua?"

"Kila mtu wa hii kazi anajua."

"Mimi sikujua."

"Ungejua ungenunua?"

Alilisema bila ubaya wowote. Perez anasema hapo ndipo hasira ilipomwingia, si siku ya moto wala siku ya pingu. Mtu alikuwa ameketi mbele yake, akila chungwa alilomletea mgonjwa, akimweleza kwamba kutojua kwake ndiko kulikokuwa sehemu ya biashara.

"Na viwandani?" akauliza. "Wanafanyaje?"

"Viwandani ni story ingine. Mashine imefungwa kote, gesi haitoki nje. Kuna mitambo ya kunusa ikivuja. Hata swichi ya taa ni ya kipekee, haitoi cheche. Wafanyakazi wamesomea hiyo maneno. Nyumbani..." Akainua mabega. "Nyumbani ni kubahatisha. Lakini wengi wanabahatika."

"Kubahatisha kwa sababu ya kijiko kimoja! Mara ya kwanza nilipata kijiko kimoja cha utomvu unaonata kama gundi. Nikichemsha kwa mvuke nilikuwa najaza chupa. Nilifikiri ni mimi sijui kutumia."

"Sasa nyaminwa, tuongee ya mbele. Ni mtungi ulivuja, ama?"

"Toka."

"Perez."

"Toka, Ouma. Umesahau wamefunga mguu mmoja tu."

Ouma akasimama haraka. Lakini alipofika mbali na mguu ulio huru, uso wa msiba ukamtoka.

"Sawa. Sema bomba. Wewe ndio ulileta bomu kwa ploti ya watu, si mimi. Mimi hakuna mahali jina langu liko. Utafungwa peke yako."

Akaondoka. Machungwa akaacha. Perez akamwambia muuguzi ayagawe kwa wadi, na kwake lisibaki hata moja.

* * *

Dada yake mdogo, Seline, alifika akiwa na uji kwenye chupa ya chai. Seline hufundisha nasari, na ana subira ya kazi hiyo. Alimlisha Perez kijiko kwa kijiko, akamsikiliza mpaka mwisho.

Kisha akasema, "Dada, kubali."

"Nikubali nini?"

"Mtungi. Sema ni mtungi, tutoke hapa. Huo uongo utamdhuru nani? Mama Wacera ashaungua. Miguu yake haitapona haraka kwa sababu umesema bomba."

"Na mwenye atanunua hiyo bomba kesho?"

"Wewe si mchungaji wa Langas yote! Kila siku ni wewe. Saluni ikibomolewa ni wewe unasimama mbele ya tingatinga. Bwana akienda, ni wewe unamfuata Kitale umrudishie shati zake. Mara moja tu, dada. Mara moja nyamaza."

"Nilimrudishia kwa sababu zilikuwa zinachukua nafasi."

"Perez!"

"Nilizima moto, Seline. Nilifungua dirisha. Nikisema ni mtungi, nimesema ni mimi mzembe na yeye ni mtu mzuri. Sisemi."

Seline akafunika chupa kwa nguvu mpaka ikalia.

Kabla hajapata la kuongeza, pazia likavutwa. Alikuwa Cate.

Cate ni binti ya Mama Wacera, na ndiye mwenyekiti wa chama cha akina mama wa mtaa. Yeye na Perez walianza maisha ya Eldoret wakisuka nywele chini ya mwavuli mmoja, mmoja akisuka kushoto, mwingine kulia. Ni Cate aliyempatia nyumba kwa mama yake. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Cate," Perez akasema. "Mama anaendeleaje?"

"Usiniite Cate. Mama yangu analia huko ndani kama mtoto. Wanamtoa ngozi ya paja waweke mguuni. Na wewe uko hapa unakunywa uji."

"Nisikize."

"Injinia ametuambia. Uliwasha stovu na mashine inafanya kazi. Amesema mashine haina shida, shida ni mtu."

"Sikuwasha kitu! Gesi ilipita chini ya mlango ikaenda barazani. Ikafika kwa jiko ya mama."

Cate akaganda.

"Ati?"

"Ilifika kwa jiko ya..."

"Sasa unasema ni mama yangu alijichoma?"

Perez akataka kumshika mkono, akakumbuka bandeji. Ukweli ulikuwa umetoka mdomoni mwake ukiwa mzima, na katika masikio ya Cate ukageuka kuwa matusi.

"Mama yangu amepikia githeri hapo tangu nizaliwe," Cate akasema. "Hapo hapo. Na hajawahi kuungua kidole. Jumamosi Injinia anatuonyesha vile hiyo mashine inatumika na mtu mwenye akili. Chama yote inakuja. Wewe usikanyage huko."

Akaondoka. Pazia likabaki likicheza.

"Wanafanyia wapi?" Perez akauliza.

"Dada, achana nao."

"Nimekuuliza wapi, Seline."

"Ukumbi wa nyuma wa kanisa." Seline alikuwa anatazama sakafu. "Ile iko na jikoni ya chai."

* * *

Sajenti Wanyonyi alirudi Jumamosi asubuhi, wakati daktari alikuwa tayari amemruhusu Perez aende nyumbani. Hakukuwa na kicheko siku hiyo. Alivuta kiti, akaweka karatasi juu ya goti.

"Nimeuliza uliza," alisema. "Ile majani ni rosemari kweli. Hiyo ya bangi nimetoa. Halafu kuna bwana mmoja amekuja kituoni mwenyewe, anasema anakujua, ati paipu yako ya gesi ilikuwa imezeeka. Ukisema ni hivyo, hii faili naifunga leo, na mimi niende nyumbani. Mimi pia nimechoka, mama."

Mkono wa Seline ulikuwa begani mwa Perez. Ukafinya.

Mlango ulikuwa wazi. Ilikuwa ni kusema neno moja tu, mtungi, na mguu wake ungefunguliwa.

"Afande, andika," Perez akasema.

Akasema yote. Bomba, mikebe, jina la Ouma, dirisha, mlango, gesi iliyotambaa. Akasema jinsi Ouma alivyokuja na machungwa, na alivyoyasema kwa kinywa chake mwenyewe. Wanyonyi aliandika, akasita, akaandika tena. Mwishowe akaweka kalamu chini.

"Mama, unajua unajifunga mwenyewe? Wewe ndio uliweka hiyo kitu ndani ya nyumba ya watu. Hapa naweza kukushtaki na uzembe, mtu ameumia."

"Andika uzembe. Lakini andika na bomba."

"Huyo Ouma atakana."

"Akane. Mimi sijakana."

Wanyonyi akasoma tena aliyoyaandika. Kisha akamsogezea karatasi.

"Weka sahihi."

Perez akainua mito yake miwili.

"Basi kidole gumba."

"Kipi, afande?"

Sajenti akakuna kipara, akaandika mwenyewe chini ya ukurasa kwamba mtoa taarifa hana mikono kwa sasa. Akafungua pingu. Seline akasimama mdhamini, huku akilia machozi ya hasira.

"Usitoke Eldoret," Wanyonyi akasema. "Na uende nyumbani ulale."

"Ndio, afande," Perez akajibu. Na hilo, anakiri, ndilo jambo pekee alilomdanganya.

* * *

Akina mama walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, vitambaa vizuri vichwani. Ouma alikuwa mbele, amevaa koti jeupe kama la daktari, na mezani palikuwa na bomba jingine, jipya, linang'aa. Kando yake mikebe ilikuwa imepangwa vizuri kama bidhaa za dukani.

Kutoka jikoni nyuma ya ukumbi kulikuja harufu ya chai ya maziwa. Mlango wa huko ulikuwa umefungwa.

"Usalama kwanza," Ouma alikuwa akisema. "Kama mnavyoona, dirisha zote ziko wazi. Hapa ndani hakuna moto. Mtu akifuata masharti, hii kitu ni salama kama..."

"Kama nini, Ouma?"

Vichwa vyote viligeuka. Perez alikuwa amesimama mlangoni, hatua chache kutoka kwa meza ya Ouma, gauni la hospitali limechungulia chini ya leso, mikono imeinuliwa kifuani. Seline alikuwa nyuma yake, amekata tamaa ya kumzuia.

Cate akasimama. "Nilikuambia usikuje."

"Ulinikataza. Sikukubali."

"Akina mama, huyu ni mgonjwa," Ouma akasema kwa upole. "Amepata mshtuko. Tumwonee huruma, tumsaidie atoke."

Wawili watatu wakaanza kuinuka. Perez akapiga hatua ndani.

"Sina hotuba," alisema. "Nataka kuwaonyesha kitu kimoja, halafu nitaenda."

Karibu na mlango palikuwa na ndoo ya maji ya kunawa mikono, imejaa. Perez hakuwa na mikono. Aliinua mguu, ule uliokuwa na alama ya pingu, akaipiga ndoo teke.

Maji yakamwagika kote. Akina mama wa mstari wa mbele wakapiga kelele, wakainua miguu, wakashika mikoba. Mmoja akamwita Perez mwendawazimu.

"Msiniangalie mimi!" Perez akapaza sauti. "Angalieni maji!"

Sakafu ya ukumbi ule ina mteremko kidogo kuelekea nyuma. Maji hayakwenda dirishani. Yalizunguka miguu ya meza ya Ouma, yakapita kati ya viti, yakapata njia kando ya ukuta, yakaenda moja kwa moja mpaka kwenye mlango wa jikoni, yakaingia chini yake.

 Kisha kutoka ng'ambo ya mlango ikasikika sauti ya mpishi wa chai.

"Nani huyo anamwaga maji? Imenifikia hadi kwa jiko!"

Perez akainua kidevu kuelekea mlango ule.

"Hiyo ndiyo gesi yake," Perez akasema. "Inatembea hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba maji mnayaona. Hiyo hamuoni, na hamnusi. Mimi nilizima moto kwangu. Nilifungua dirisha kama hizi. Ikapita chini ya mlango ikamtafuta mtu mwingine. Cate, mama hakujichoma. Mama alikuwa anapika chakula chake barazani kwake. Ni mimi na huyu tulimpelekea moto miguuni. Mimi nimesema kwa polisi. Huyu amesema ni mtungi."

Cate alikuwa bado anatazama mlango wa jikoni. Alipogeuka, hakumtazama Perez.

"Injinia," alisema. "Inatambaa?"

"Gesi si maji, madam. Mtu akizingatia..."

"Nimekuuliza kitu kimoja. Inatambaa?"

Ouma akaanza kupanga mikebe ndani ya begi. Hiyo ilitosha. Viti vikasukumwa, akina mama wakainuka kwa pamoja, na mama mmoja mnene akaenda kusimama mlangoni, akaujaza wote.

"Haendi mahali huyu," akasema.

"Na hatakuwa na haraka," ikasema sauti nyuma yake. Yule mama akasogea. Alikuwa Sajenti Wanyonyi, kofia mkononi. "Nilisema nipitie nione hiyo bomba ambayo haipo."

Perez anasema alitaka kucheka. Alihisi kama mtu aliyebeba gunia tangu asubuhi, na sasa anaona pa kulitua.

Lakini Ouma hakuwa mtu wa kukosa mlango wa pili. Aliweka begi chini, akanyoosha koti lake jeupe.

"Afande, afadhali umekuja. Mimi ni mwalimu tu. Nafundisha. Kuuza siuzi. Muulize huyo mama mbele ya watu wote: ile bomba ni nani alimpea mkononi?"

Wanyonyi akamgeukia Perez. "Ni nani?"

Hapo Perez akashusha mikono yake.

Kwa maana ni kweli Ouma hakuwa amemletea bomba lile. Ouma huagiza, husifu, hupokea chake, lakini vitu vyenyewe hupitia kwa chama. Bomba lilimfikia Perez limefungwa kwenye leso, kwa mkono wa rafiki yake, mlangoni mwa jikoni kwake kulikolipuka. Aliyelibeba alikuwa Cate.

Wote wawili walilijua hilo. Cate alikuwa amesimama wima kama mtu anayengoja kuitwa jina mahakamani. Kule hospitalini mama yake hakuwa na mtoto mwingine wa kumshika mkono.

"Mama Perez," Wanyonyi akasema. "Si ulisema wewe hukani?"

"Sikani," Perez akasema. "Afande, aliyenipea ni..."

"Ni mimi," Cate akasema.

Sauti ilimtoka ndogo. Akarudia kwa nguvu. "Ni mimi nilimpelekea. Injinia alinitumia, na mimi sikuuliza kitu. Andika jina langu pia."

Ouma akafungua mikono kama mtu aliyeshinda kesi. Lakini Cate hakuwa amemaliza. Alikuwa amemshika Perez bega.

"Perez, si wewe tu. Kuna ingine. Nilimpelekea Adero."

Adero ni mwanachama wao, mwalimu aliyehamia Sugoi alipopata kazi huko. Analea watoto wake peke yake katika nyumba ya mabati, na jikoni na chumba cha kulala vimetenganishwa na mlango mmoja tu.

"Ameshaitumia?" Perez akauliza.

"Bado. Alisema anangoja siku hana shule. Alisema Jumamosi."

Seline alikuwa ameshatoa simu. Aliipiga, akaiweka kwenye spika, akaishikilia karibu na mdomo wa dada yake. Ililia. Ililia tena. Hata Ouma alisogea kusikiliza.

"Perez!" Sauti ya Adero ilikuja ya furaha, na nyuma yake kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, kama mtu anayenyonya hewa kwa meno. "Umetoka hospitali? Pole jamani! Nilisikia ni mtungi wa kupikia ulikulipukia. Mimi wangu nimetoa nje kabisa, sichezi."

"Adero, uko wapi?"

"Niko jikoni. Usijali, nimefungua dirisha."

"Toka nje! Shika watoto mtoke nje sasa hivi! Usiguse kitu, usiwashe kitu!"

"Hii mashine inapiga kelele, sikusikii vizuri," Adero akasema. "Ati niwashe nini?"

Simu ikakatika. Yaliyofuata ni ya Jumamosi ijayo.